Waya Mahali pa Fyuzi

Riziki mwanangu,

Ninyi mmeenda kanisani kwenye maombi ya kukuaga, mimi nimebaki. Nilimwambia mama yako kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nimekaa hapa dukani Misiera, mlango nimeurudisha nusu, mwanga wa saa kumi unatosha kuandikia, na karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari lako la fizikia la mwaka jana, zile kurasa ulizoziacha tupu. Usikasirike. Nilitafuta nyingine sikupata.

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kutoongozana na watu usiowajua, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na ataendelea kuyasema mpaka gari lipite Kaberebere. Huko sina la kuongeza. Nina neno moja tu, na nitaliweka hapa juu kabisa, maana najijua: nikilianzia mbali nitazunguka nalo mpaka karatasi ziishe.

Si wewe uliyeichoma nyumba ya Mama Sifa. Ni mimi.

Soma tena kama hukuamini. Miaka kumi umeamini kwamba ulikuwa mkono wako, na mimi nimekuacha uamini. Na kesho unaenda Mbarara, chuo cha ufundi, kusomea ushonaji, wewe ambaye hujawahi kushona hata kifungo bila kununa, kwa sababu unadhani ulimnyang'anya Mama Sifa vidole vyake na sasa ni lazima uwe vidole hivyo. Hukuniambia hivyo kwa mdomo. Lakini kipofu sikuwa, Riziki. Nilikuwa mwoga.

Mama yako nilimwambia wiki iliyopita. Siku tatu hakunisemesha. Sahani yangu alikuwa anaiweka mezani na kuondoka, kama anamwekea mpita njia. Siku ya nne akasema, "Andika. Ukimuambia na kinywa, minakujua: utaanzia Uvira, utafika kwa babu yake, na ile maneno utaimeza." Basi naandika. Ila Uvira nitaanzia kweli, mnisamehe wote wawili, kwa sababu kosa lenyewe lilizaliwa huko.

Umeme sikufundishwa na mtu, niliuchungulia. Kabla hatujakimbia Kongo nilikuwa nashinda kwenye kizingiti cha fundi mmoja wa redio, mzee mchoyo ajabu. Akishika jambo la maana ananipa mgongo. Nikawa natazama kupitia chini ya kwapa lake. Nilijua waya mwekundu unaenda wapi na mweusi unarudi wapi. Kwa nini, hapana. Nilipofika hapa kambini Nakivale nikajiita fundi, na nani angenikatalia? Watu walikuwa na simu, jua lilikuwepo, mimi nilikuwa na paneli moja na betri kuukuu ya gari.

Unazikumbuka balbu zetu mbili za kwanza? Nilizifunga zikifuatana: waya ukatoka kwenye betri ukaingia ya kwanza, ukatoka hapo ukaingia ya pili, ndipo ukarudi betrini. Zikawaka kinyonge, nyekundu, mama yako akaniuliza kama hizo ni taa au ni makaa. Siku moja ya kwanza ikaungua, na ya pili ikazimika papo hapo ingawa ilikuwa nzima. Nikaapa kwamba betri imelogwa. Mtu mzima mimi, ndevu kidevuni! Wewe ulikuwa umechuchumaa pembeni unakula muhogo, ukasema, "Papa, njia ni moja tu. Ile ya mbele ikikufa, kuran itapita fasi gani?"

Kuran, ndivyo watu wa kwetu tunavyouita umeme. Na ulisema kweli. Umeme hautoki betrini ukaenda kupotea kwenye taa. Lazima uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi, duara zima lisilo na pengo, na pengo likiwa dogo kama unywele safari imekwisha. Swichi yenyewe ni nini? Ni pengo tunalolifungua na kulifunga tukitaka. Basi nikaipa kila balbu njia yake yenyewe, ya kutoka betrini na ya kurudi. Zikawaka zote mbili kwa nguvu zao zote, nikachomoa moja na ya pili wala haikujali. Ukapiga makofi na mikono yako ya muhogo. Siku ile nilijua kichwa chako kimeumbiwa kazi hii, na ninakuambia leo kwa sababu sikukuambia siku ile.

Ubao wa kuchajia simu nikaufunga kwa namna hiyohiyo, simu kumi na mbili, kila moja na njia yake. Jambo ambalo sikulijua, kwa kuwa kwapa la yule mzee lilikuwa limeliziba, ni kwamba njia zikiwa nyingi betri inazibeba zote kwa pamoja. Simu moja inavuta kidogo. Kumi na mbili zinavuta kidogo mara kumi na mbili, na mkondo wote huo unapita kwenye waya mmoja mkuu unaotoka betrini. Hapo kwenye waya mkuu ndipo palipokuwa na fyuzi, kijiwaya kidogo ndani ya kioo, kimeandikwa ampea kumi. Kazi yake ni kufa. Mkondo ukizidi kumi kinayeyuka, njia inakatika, na kila kitu kinanyamaza kabla ya waya wowote kupata moto.

Mimi nilikiona adui. Nilikuwa nimeongeza mashine ya kunyolea nywele, tena nikaongeza taa ya Mama Sifa jirani, na fyuzi ikawa inakatika leo, kesho kutwa tena. Fyuzi nyingine ni mpaka Mbarara. Na watu wako mlangoni: "Fundi, telefone yangu iko wapi? Fundi, si ulisema saa sita?" Basi nikachukua kipande cha waya, nikakichuna, nikazisokota nyuzi zake za shaba zikawa nene, nikazibana mahali pa fyuzi. Taa zikawaka. Hazikuzimika tena. Mafundi wengi wa hapa walifanya hivyo, wengine wanafanya mpaka leo na kujisifu, na mimi nilijisifu kuwapita wote. Watu walisema duka la Baba Riziki halikatiki, na nilikuwa natembea kifua mbele.

Mwanangu, mtu akikusifu kwa sababu kitu chako hakikatiki, nenda kaangalie umekifunga na nini.

Ulikuwa na miaka tisa. Mama Sifa alikuwa fundi cherehani, unajua mwenyewe alivyokuwa akishona, na nyumba yake ilikuwa miti na udongo na turubai juu. Waya wa taa yake niliupitisha chini ya turubai. Ulikuwa waya mwembamba wa spika, kwa sababu ndio niliokuwa nao. Mchana ule nilivuka barabara kwenda kunywa chai nikakuacha dukani. Taa yake ikawa imezimika, naye alikuwa na gauni la arusi la kumaliza na chumba chake kina giza hata mchana, akakuita: "Riziki, kuja uniangalilie hii taa." Ukaenda. Ukaona nyaya zimechomoka kwenye kishikio cha balbu. Ukazichuna ncha kwa meno kama nilivyokuonyesha mimi, na hilo nalo ni la kwangu, ukazisokota ukazirudisha. Plasta ya kufungia hukuwa nayo. Ncha mbili zikalaliana, zikagusana.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka usikie kwa kichwa chako cha fizikia na si kwa moyo wa yule mtoto. Ncha zikigusana kabla ya balbu, mkondo umepata njia ya mkato. Haukutani na kazi yoyote ya kuupunguza kasi. Unatoka betrini na kurudi betrini kwa nguvu zote ilizonazo betri. Hiyo ndiyo shoti. Hakuna fundi ambaye hajawahi kupiga shoti. Mimi nimepiga nisizoweza kuhesabu. Fyuzi ingekuwepo, ungesikia tik, ubao wa simu ungenyamaza, Mama Sifa angesema "Eh, imekufa tena," na wewe ungekuja kuniita kwenye chai yangu. Hapo hadithi ingeisha. Kosa lako wewe lilikuwa na ukubwa huo tu.

Lakini hapakuwa na fyuzi. Betri ikamwaga kila ilichokuwa nacho ndani ya ule waya mwembamba, na waya mwembamba hauwezi. Ukawa mwekundu urefu wake wote, na juu yake turubai. Wewe, Mama Sifa alikusukuma nje. Kisha akarudi ndani kwa ajili ya cherehani. Mkono wake wa kuume unaujua, maana ndiwe unayemtungia uzi kwenye sindano kila Jumamosi.

Usilolijua ni hili. Niliuona moshi nikakimbia. Nilipofika, kabla sijashika ndoo ya maji, mkono wangu ulikwenda kwenye betri. Watu walidhani nakata umeme, na kweli niliukata. Lakini nilichomoa pia zile nyuzi za shaba nikazitia mfukoni, na mahali pake nikaweka fyuzi ya zamani, ile iliyokuwa imekatika, iliyokuwa imelala kwenye kopo la misumari. Mama Sifa alikuwa analia, turubai linaanguka, na mimi natafuta fyuzi mbovu kwenye kopo. Ole wangu! Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta, sasa naiacha.

Mwenyekiti wa kijiji alipokuja na wazee wakafungua kisanduku cha fyuzi, wakaona kioo kimekuwa cheusi. Mmoja akasema, "Fusible yake ilikatika. Mitambo yake iko muzuri." Ndipo wakauliza, "Nani aligusa ile waya?" Nawe ukainua mkono kama uko darasani. "Ni miye." Hukulia wala hukujificha nyuma yangu. Nilifungua mdomo, mwanangu, nakuapia niliufungua, halafu nikawaza duka, nikawaza wateja, nikawaza watu wataniitaje, nikaufunga.

Unajua desturi ya kanisa letu. Aliyemuumiza mwenzake hupita mbele siku ya Bwana, anapiga magoti, anataja jambo lake kwa sauti, na aliyeumizwa akimwinua basi limekwisha, hakuna ruhusa ya kulitaja tena. Ni desturi nzuri. Nimeona watu walioshikiana mapanga wakiinuana pale. Mimi niliitumia kumficha mkosaji. Ulipita mbele na gauni lako la njano, ukapiga magoti, ukasema, "Ni miye nilichoma nyumba ya Mama Sifa, nasikia vibaya sana." Mimi nilisimama nyuma yako nikakuwekea mkono begani. Watu walidhani baba anamtia moyo mwanawe. Mama Sifa, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko, akakuinua na ule mwingine, akasema, "Nimekusamehe, mutoto wangu." Kanisa zima likaimba. Na mimi niliimba.

Duka la wakati ule likawa halipo tena, nikaenda Mbarara kutafuta vibarua. Huko nikampata Afande Mugume, mwanajeshi, fundi wa umeme, alikuwa anabadilisha nyaya kwenye nyumba za familia za askari kambini na alihitaji mtu wa kubeba ngazi. Nimekutajia jina lake mara nyingi lakini sikukuambia alichonifanyia. Mtu mfupi, penseli sikioni, Kiswahili chake cha jeshi kinakatakata kama amri. Siku ya kwanza nilishika waya kwa sababu swichi ilikuwa imezimwa. Akanipiga kofi mkononi, pa! "Wewe! Nani ambia wewe hiyo imekufa? Swichi nakuambia? Pima! Hii umeme haina rafiki. Haijui wewe baba ya nani." Na kweli, fundi aliyetangulia alikuwa ameweka swichi kwenye waya wa kurudia badala ya ule unaoleta moto, kwa hiyo taa ilikuwa imezimika na waya bado una umeme mzima. Tangu siku ile sigusi kabla ya kupima. Nawe usiguse, hata akikuhakikishia mtu unayempenda.

Yeye ndiye aliyeniambia kwa nini. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini. Wakati wa chakula anachora kwa penseli kwenye ukuta ambao haujapakwa rangi: volti ndiyo inayosukuma, ampea ndiyo inayopita, na waya wenyewe, na balbu, na kila kitu njiani, kinakataa kidogo au kinakataa sana. Sukuma zaidi, zinapita nyingi. Kataa zaidi, zinapita chache. Basi. Maisha yangu yote nilikuwa nimecheza na vitu hivyo vitatu bila kujua ni vitatu. Nilisikia aibu na furaha pamoja, nikawaza, Riziki angependa ukuta huu.

Siku moja nikamsimulia habari ya moto, nikaifanya ya mtu mwingine. Nikasema kuna fundi mmoja kule kambi ya wakimbizi, mtoto wake aligusanisha nyaya, fyuzi ikakatika, nyumba ya jirani ikaungua. Afande alikuwa anamenya ndizi. Akaacha kumenya.

"Fyuzi ilikatika?"

"Ndiyo, Afande."

"Na waya iliungua?"

"Ndiyo."

"Hapana. Kama fyuzi imekatika, waya inapata wapi moto ya kuchoma nyumba? Mutu alitoa fyuzi, aliweka waya. Kisha aliogopa, alirudisha fyuzi mbaya." Akanitazama. "Ssebo, hiyo mutu ni wewe."

Akaendelea, polepole, si kwa ukali hata kidogo, na hilo ndilo liliniumiza: "Mutoto alifanya nini? Mutoto alikosea. Watu wote nakosea. Fyuzi iko kwa sababu watu nakosea. Wewe ulitoa kitu ya kungojea makosa ya mutoto."

Ningepaswa kurudi nyumbani jioni ileile. Nilirudi mwisho wa mwezi, nikiwa na viatu vyeusi vya shule. Unavikumbuka, ulivilalia kitandani. Ulidhani baba yako anakupenda sana. Nilikuwa nakupenda, lakini viatu vile vilikuwa vya aibu. Na kila mwaka uliopita ukafanya iwe vigumu zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na makosa mawili ya kusema, kisha matatu. Waswahili wana neno, mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, na mtoto niliyemzaa ndiye aliyebeba nilichokificha.

Nilikuwa nakutazama. Nikitoa koleo, wewe unatoka nje kuanika nguo ambazo zimekwisha kauka. Mwalimu wako wa fizikia, yule madamu wa Isingiro, aliniita shuleni akaniambia, "Mzee, huyu mtoto anajua yote. Kwenye karatasi hakuna anayemfikia. Lakini siku ya majaribio anaweka mikono nyuma, anawaambia wenzake wafunge wao." Nikamjibu kwamba wewe ni mwenye haya. Ona, hata hapo.

Halafu ikaja Jumamosi ile ya mwezi uliopita. Sifa, binti wa Mama Sifa, alikuwa na mtihani, nami nilikuwa nyuma ya ukuta narekebisha baiskeli. Nikasikia unamfundisha. Ulikuwa umelaza kamba mkekani kwa duara na kupanga juu yake maharage yetu ya kutoka Juru, moja baada ya jingine, yamejaa kamba nzima. Sifa akauliza, "Sasa batri njo inaleta maharage?" Ukamwambia hapana, maharage yamo ndani ya waya tangu zamani, betri inasukuma tu, ukisukuma moja, yote yanasogea kwa wakati mmoja, ndiyo maana taa haichelewi. Ukamtolea harage moja. "Ona, hapa kuna pengo. Sukuma sasa." Sifa akacheka. Wewe ukacheka pia, sauti ile ya muhogo na makofi, nami nilikuwa sijaisikia miaka kumi. Nikakaa chini kwenye mavumbi na spana mkononi, nikalia kama mtoto. Jumatatu yake ukaja na fomu ya chuo umeandika ushonaji.

Nimezunguka, eh? Mama yako alisema.

Sikuandikii ili nikuchagulie. Kama kitambaa ndicho unachokipenda, kashone, nami nitavaa shati lako la kwanza hata likiwa na mikono mitatu. Nataka tu uchague ukijua. Nilipiga simu chuoni, nikaambiwa wanafunzi wapya wanaruhusiwa kubadilisha fani mpaka Ijumaa. Sikuwaambia wabadilishe kitu. Nimeshachukua uamuzi wako mara moja, haitoshi?

Na kama utashika nyaya, utakosea. Utapiga shoti, utaunganisha kinyume, utaunguza kifaa cha mwalimu. Inua mkono kama ulivyoinua siku ile, sema ni mimi, halafu uliza kwa nini. Ulikuwa na ujasiri huo ukiwa na miaka tisa. Mimi nimeupata leo asubuhi, na nitakuambia nilivyoutumia.

Nilienda kwa Mama Sifa kabla hamjaamka. Nilimkuta mlangoni anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: nyuzi za shaba, kopo la misumari, mfuko. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Miaka kumi," akasema, "ule mutoto anakuya hapa kila posho, kila Jumamosi. Ananitungia uzi, ananifulia, ananipikia. Na mimi namuacha. Nasema ndani ya roho, afazali, ni yeye aliniharibu. Nilimusamehe na kinywa, lakini ile kazi yake nilikuwa naikula. Kumbe nilikuwa nakula jasho ya mutoto hana kosa. Ni weye ulinikulisha ile."

Nikasema nisamehe, Mama Sifa.

"Hapana," akasema. "Leo hapana. Toka kwangu. Siku nitaweza, nitakuita." Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita tena. "Riziki umuambie: asishone juu yangu. Mikono yangu haitarudia hata akishona nguo za Mbarara nzima. Na umuambie nitapita asubui kumuaga, lakini mimi njo nitamuomba yeye musamaha."

Basi, kesho akija, simama umpokee. Jumapili mimi nitapita mbele kanisani. Mchungaji nimemwambia. Sitegemei mtu wa kuniinua, na nisipoinuliwa nitakaa pale pale chini mpaka ibada iishe.

Imebaki mimi na wewe. Sijawahi kumsikia baba wa kwetu akimwomba mtoto wake msamaha. Babu yako angekufa kwanza. Sijui maneno yake yanavyopangwa. Nakuomba unisamehe, Riziki. Nilikuacha mbele ya watu na jambo langu kichwani mwako, nikaimba. Usinijibu ndiyo kwa sababu mimi ni baba, maana ndivyo tulivyokulea, kumwambia baba ndiyo. Kaa nalo mwaka, kaa nalo miaka. Ukiona jibu ni hapana, uniandikie hapana, nitaisoma, nitaikunja vizuri, na nitaendelea kuwa baba yako.

Mnarudi, nasikia sauti ya mama yako barabarani. Nitaiweka barua hii mkononi mwako mwenyewe, si ndani ya begi. Mikono yako haikumchoma mtu yeyote. Kesho uende Mbarara na mikono hiyo, nayo ni yako mwenyewe.

Papa yako